Gita la Stima Nililoliacha Ngara

Jamani, leo nimekatazwa kununua gita na mama mwenye duka!

Niko Ngara, gita la bei rahisi limechomekwa kwa spika, linalia tamu mpaka wapita njia wanacheza mlangoni. Mimi tayari najiona nikilipiga kwa harusi ya dadangu, kwetu Kinoo, Jumamosi.

Mama mwenye duka, Mhindi, akatoka nyuma na unga wa chapati mikononi. Akachomoa waya.

"Piga sasa."

Nikapiga. Weh! Kama sanduku la sabuni.

"Kwenu kuna stima?"

"Nyumba yetu bado haijawekewa, mama."

Mwanawe, aliyekuwa ananiuzia, akashika kichwa.

Mama akaniuzia nyuzi mpya tu, za gita langu kuukuu. Akanifungia na chapati.

Asante, mama!

Nimemwalika harusini. Mwanawe ameninunia, lakini ndiye atakayemleta.