Mnaosema kuanza chess kwa b4 ni uchafu, sikieni kilichotokea barazani kwa mke wangu Bariadi

Ng'wadila wakuu.

Kwa wasiotoka kanda yetu, hiyo ni salamu ya mchana ya Kisukuma. Naandika nikiwa na pampu ya mteja nimeifumua mbele yangu. Ninachosimulia nimekiona kwa macho yangu, na mhusika mkuu ni mke wangu, kwa hiyo nikitia chumvi leo nalala kwenye benchi.

Kuna mtu aliuliza humu kama kuanza kwa b4 kunafaa kwa sisi wachezaji wa kawaida. Majibu yalinikera sana. "Uchafu." "Opening ya walevi." Haya, ngoja.

Kwa wasiocheza chess: watu wengi wanaanza kwa kusukuma pawn za katikati, zile kete ndogo za mbele. Ukicheza b4 unasukuma ya pili kutoka kushoto, hatua mbili. Unaonekana kama umekosea meza. Tena pawn yenyewe haina mlinzi, bishop wa mwenzako, ile kete inayokwenda mshazari, anaweza kuila kiulaini.

Sasa twende.

Mimi ni fundi wa pampu za kupulizia dawa ya pamba. Mke wangu, Milembe, ni fundi cherehani, mzaliwa wa Kimali kule Meatu. Klabu yetu ya chess inakutana Jumamosi kwenye baraza la duka lake. Tulikuwa wanaume watupu. Yeye alijifunza huku anashona, anatuchungulia juu ya miwani.

Siku moja mwenzetu hakutokea, Milembe akavuta kiti. Akanifunga. Nikasema bahati. Akanifunga tena. Nikasema nina usingizi.

Captain wetu ni Masanja, ana duka la pembejeo. Mtu mzuri, ila ana ugonjwa wa YouTube. Anataka kila mtu akariri opening ndefu ndefu za Kiingereza. Milembe alijaribu, akachoka. Basi nikamwonyesha b4, kwa utani tu jamani.

Akaipenda palepale.

"Hii nzuri," akasema. "Waliyokariri hayatawasaidia. Wote tunaanzia gizani."

Baadaye tukaalikwa kucheza Mwanza, timu ya watu wanne. Watatu walijulikana. Kiti cha nne kilikuwa wazi, na Milembe alikitaka. Hakusema. Lakini nilimkuta anashona gauni la kitenge, nikauliza la mteja gani, akasema la kwake. Wakuu, huyu mwanamke anavalisha mji mzima na yeye anavaa gauni zilezile. Nikajua anaitaka hiyo safari kwa moyo wote.

Masanja akaja na msimamo wake.

"Shemeji, nakuheshimu sana, lakini b4 itatutia aibu Mwanza. Badilisha, au kiti nampa mtu mwingine."

Milembe hakuacha hata kukanyaga cherehani. "Nicheze na wewe Jumamosi. Ukinifunga, nawashonea sare na nabaki nyumbani."

Masanja anatufunga wote.

Hapa niweke jambo moja, maana ndicho kiini cha uzi. Huku kwetu wanaume tumekulia kwenye drafti ya vizibo vya soda. Na kwenye drafti kula ni lazima. Kete ikiachwa wazi unakula, huna hiari. Ukizoea hivyo tangu utotoni, mkono unajiendea wenyewe hata kwenye chess.

Ndiyo maana b4 ilikuwa inatuua pale klabu. Mtu anaona ile pawn haina mlinzi, bishop wake anakula fasta. Bishop wa Milembe naye anakula pawn ya katikati na kuielekea kona yako. Ukijisahau hapo, ngome yako, ile kete ya kona, imekwenda. Mimi imenikuta mara nyingi kiasi kwamba sitaki kuzihesabu.

Jumamosi watu wakajaa, mpaka wale wa kijiwe cha drafti cha jirani.

Milembe, b4. Masanja akala pawn, lakini akaleta farasi wake mapema kulinda kona. Mtego wa kwanza ukafa. Sasa wale wa "uchafu" sikieni: hakuna kilichoharibika! Mchezo uliendelea sawa kwa sawa, kete kwa kete.

Katikati ya mchezo Masanja akaacha farasi wazi kabisa, malkia wa Milembe amle tu.

"Kula! Kula huyo!" Baraza zima lilipiga kelele. Na mimi mumewe kimoyomoyo nilishakula zamani.

Milembe akaishika futi yake ya kupimia nguo, ile ya shingoni. Halafu akasukuma pawn iliyo mbele ya mfalme wake. Hatua moja.

"Aa, mama, farasi yule pale!" mtu wa drafti akalia kabisa.

"Nimemwona," akajibu. "Hajaachwa pale kwa wema."

Kweli bwana. Malkia wake ndiye alikuwa analinda mstari wa nyuma. Angekula tu, ngome ya Masanja ingeshuka, mfalme wa Milembe hana pa kukimbilia, kwisha habari. Sasa mfalme kafunguliwa mlango, na farasi analiwa kihalali.

Ilikuwa zamu ya Masanja kumwokoa farasi wake. Lakini pembeni kulikuwa na pawn ya Milembe haina mlinzi. Mkono wake ukaenda wenyewe, ngome ikala. Alipoiachia kete tu, akafumba macho.

Milembe akamchukua farasi. Masanja akapambana, akapambana, mwisho akamlaza mfalme wake. Akampa mkono.

"Tunaondoka alfajiri, shemeji. Usichelewe stendi."

Jioni nikamuuliza aliwezaje kumwacha farasi mtamu vile.

"Ninyi mmefundishwa kijiweni kwamba kula ni lazima," akasema. "Mimi nani aliwahi kunikaribisha pale?"

Iliniuma, sitaficha. Miaka yote nakaa kwenye benchi la kijiwe cha drafti, yeye anapita na mzigo wake, ananisalimia, anaendelea na safari. Sikuwahi kumsogezea kiti.

Mwanza alivaa gauni lake. Mechi nyingine alishinda, nyingine akafungwa, kama sisi wengine.

Nilichojifunza: b4 inachezeka. Haikupi ushindi wa bure na haikuui. Inakufikisha katikati ukiwa mzima, yanayofuata ni mkono wako. Wenye uzoefu nayo shusheni hapa, na mliosema uchafu, karibuni barazani Jumamosi.

Mimi naitwa. Milembe ameshapanga kete na kunisogezea kiti. Ataniachia kitu wazi, nitajua kabisa ni mtego, na nitakula.