Jina Langu Barazani kwa Mama Somoe

Naandika haya kwa aibu, lakini mjue kwanza kwamba nina diploma ya ujenzi, na niliipata kwa jasho langu mwenyewe huko Dar es Salaam. Niliporudi Newala nilitaka kumposa Somoe, na neno la mwisho lilikuwa la mjomba wake.

Baraza la nyumba yao lilikuwa limemeguka. Siku hizi saruji inauzwa madukani bila kibali, basi nikanunua mfuko. Mama Somoe alipokwenda Mnyambe kumleta mjomba, nikaziba nyufa zote. Ule mpana kuliko zote, uliokatiza baraza mpaka ukingoni na kujaa majani makavu, niliushindilia zege nzito. Juu yake nikachora: MAHAMUDU, DIPLOMA.

Walipofika niliwapokea mlangoni kifua mbele.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Baraza limependeza. Nani kalitengeneza?"

"Mimi, mjomba. Fundi wa kwanza alikuwa wa kubahatisha."

Tukaingia ndani, mjomba akaketi mkekani. Kabla sijamtaja Somoe, mvua ikashuka. Maji ya paa yakamwagika barazani, yakakosa njia, yakaingia mlangoni na kumlowesha mjomba kanzu.

"Jamani, kisima changu!" Mama Somoe akapiga kelele. "Nani kaziba mfereji wa kupeleka maji ya paa kisimani? Kiangazi tutakunywa nini?"

Nikatazama mkeka.

Mjomba akatoka na kanzu yake iliyolowa, akainama juu ya zege, akaanza kusoma kwa sauti, herufi moja moja.