Alteneta Mbovu ya Dorothea

Dorothea Mlay anaishi Gaithersburg, Marekani, na anahudumia wazee majumbani mwao, mji jirani wa Rockville. Bila gari hana kazi. Kwa hiyo gari lake dogo la mtumba lilipomzimikia barabarani mwaka 2006, alilipeleka kwa Mutai, fundi Mkenya anayesali naye kanisa moja, kisha akavuta ndoo na kuketi karibu na boneti. Kwao Moshi, Tanzania, mwenye gari habanduki kwa fundi. Akigeuza shingo tu, spea nzima inatoka na chakavu inaingia.

“Alteneta imekufa, ndiyo maana betri haichaji,” Mutai alisema. Alikwenda duka la spea, akarudi na nyingine, akaifunga. Ile mbovu akaitia kwenye boksi.

“Unaipeleka wapi hiyo?”

“Narudisha dukani, dada. Huku wao huchukua ya zamani waifufue. Usiporudisha, wanakuongezea bei.”

“Fundi, hadithi hiyo kawasimulie Wakenya wenzako. Wewe unakwenda kuiuza.”

“Basi lipa nyongeza, ubebe chuma chako. Ukapikie supu.”

Dorothea alilipa, akaibeba.

Gari liliwaka kila asubuhi na hakukosa zamu hata moja. Alteneta mbovu ilikaa jikoni, juu ya gazeti, mpaka jirani yake Anitha, naye Mtanzania, alipoiona. Anitha alicheka, akamweleza kwamba maduka ya huku kweli hufanya hivyo.

Dorothea aliivuta alteneta upande wake.

“Na wewe,” aliuliza, “gari lako hutengenezwa na nani?”