Binti Yangu Alivyoposwa na Shule Mbili

Kosa lilikuwa langu, nalikubali. Mwaka ule wa 2017 mwalimu wa binti yangu aliponiita akaniambia mtoto amelizidi darasa lake, ningesema asante, nichukue fomu yangu, nifunge mdomo. Mimi nikaenda kumwambia mwenyekiti.

Lakini jiwekeni mahali pangu. Mume wangu alikuwa Durban na lori, na nilipompigia simu akasema, "Wewe amua tu, mama watoto," utadhani namuulizia rangi ya pazia. Fomu yenyewe ilikuwa ya Kiingereza cha kuvunja meno. Nilichoambulia ni kwamba shule mbili za serikali zilikuwa na programu ya watoto wenye vipaji, moja ya hesabu na sayansi, nyingine ya muziki na uandishi. Mzazi achague moja na fomu irudi Ijumaa asubuhi, la sivyo nafasi anapewa mtoto mwingine. Binti yangu alikuwa na miaka tisa, na mita za vitambaa vyangu alikuwa anazigawanya kichwani kabla mimi sijaiona kanda ya kupimia. Nimeshona nguo za watu Jeppestown, hapa Johannesburg, tangu hajazaliwa, mgongo wangu ndio unaojua. Sikutaka na yeye aje akae pale kwenye cherehani. Nikiikosea ile fomu, ningemkosea yeye.

Mwenyekiti alikuwa fundi friji wa kutoka Dar. Waswahili wote wa mtaani kwetu Bertrams tulimwita hivyo kwa sababu hakuna kamati ya harusi wala ya msiba aliyowahi kukosa kuiongoza. Nilimweleza Jumapili. Jumatatu jioni nikakuta watu kumi na wanne sebuleni kwangu, wanakunywa chai yangu.

"Itifaki imezingatiwa," akaanza, na kufungua daftari la kamati ya harusi, maana hakuwa na jingine. Ajenda ya kwanza ilikuwa kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita. Katibu, msusi Mkongo jirani yangu wa ghorofa ya pili, akabaki na kalamu hewani.

"Mwenyekiti, minaandika nini? Kikao ya kwanza njo hii!"

"Andika umethibitishwa kwa marekebisho."

Ajenda ya pili ilikuwa mapambo. Wallahi tena, watu wazima walipiga kura, zambarau ikashinda. Mapambo ya nini, hakuna aliyeuliza. Nikapaza sauti, "Jamani, fomu!" Mwenyekiti akanitazama kwa huruma.

"Dada, tulia. Binti anatakiwa na pande mbili. Tutamtoaje kwa watu tusiowajua? Lazima washenga waende wakachunguze."

"Washenga hutumwa na upande wa mume," nikamwambia. Mimi ni mtu wa Tanga, hayo nayajua.

"Shule haina miguu," akajibu, na kikao kikapiga makofi.

Basi Jumatano tukaenda. Mwenyekiti alivaa suti na kofia ya kiua, katibu alibeba sinia lenye doti ya kanga na boksi la halua, na mimi nilimshika mkono binti yangu aliyevaa sare. Shule ya hesabu ilikuwa juu mlimani, ina majani yamekatwa vizuri kuliko nywele zangu. Nilijitambulisha ofisini kwa Kiingereza changu, tukaingizwa kwa mwalimu mkuu, mama mmoja mpole. Mwenyekiti akakohoa, akamuuliza kama kwenye ukoo wao kuna ugonjwa wa kurithi.

Yule mama akafikiri. Akasema mwezi wa sita walikuwa na mafua.

"Andika mafua," mwenyekiti akamnong'oneza katibu.

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini alipopewa kanga, yule mama alifurahi, akajifunga moja palepale juu ya sketi. Mwenyekiti akanibinya mkono, akasema, "Wamepokea posa."

Shule ya muziki mwalimu mkuu alikuwa baba mwenye tai. Yeye hakuulizwa sana, maana alilifungua boksi la halua tukiwa bado tunasalimiana, akala vipande vitatu na kulamba vidole. Tulipotoka nje, mwenyekiti alikuwa ametota jasho. Posa imepokewa huku na huku, mtoto ana wachumba wawili, na yeye hajawahi kupata aibu hiyo tangu aanze kuongoza kamati.

Alhamisi kikaitishwa kikao cha dharura. Wakabishana kama kanga idaiwe irudi. Halua, katibu alisema, haiwezi kurudi, "iko tayari pa tumbo ya mutu." Mwisho mwenyekiti akamwita binti yangu katikati ya sebule, akamuuliza mbele ya wote, "Mwanangu, umeridhia?" Mtoto akaangalia ndala zake, kimya. Kwetu bibi harusi akinyamaza amekubali, kwa hiyo vigelegele vikapasua dari.

"Karidhia ipi?" nikauliza. Hakuna aliyenisikia, pilau ilikuwa imeshafika. Hapo ndipo nilipowafukuza wote. Niliwaambia watoke na zambarau yao, na mwenyekiti akatoka ameshika sahani.

Ijumaa asubuhi tulikuwa tunatembea kwenda shule na fomu bado haina alama. Karibu na robot, zile taa za barabarani, nikasimama, nikaiweka juu ya ukuta wa watu.

"Haya, sema wewe. Unataka ipi?"

"Ya muziki."

"Muziki? Wewe unayeimba kama mlango mbovu?"

Akachezea mkanda wa begi. Kisha akaniambia kwa Kiswahili, polepole, yeye ambaye kila siku hunijibu Kiingereza, "Kule kwa hesabu walikucheka, Mama. Wale wa ofisini. Ulipogeuka, mmoja akaigiza unavyoongea. Sitaki uende tena pale."

Hasira ilinipanda, aibu ikaja nyuma yake, na nikashindwa hata kumtazama mwanangu. Nikashika kalamu, nikaweka alama kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka.

"Utakwenda kwa hesabu," nikasema. "Na kila mkutano wa wazazi nitakuja, nitaongea hivihivi, na swali nitauliza. Wacheke mpaka mbavu ziwaume."

Alikuwa anaisoma ile fomu.

"Mama," akasema, "umeweka alama kwenye muziki."

Watu walikuwa wanavuka, sisi tumesimama pale ukutani. Akanyoosha mkono.

"Nipe kalamu."

Akaikata alama yangu, akaweka ya kwake kwenye hesabu, akaikunja fomu vizuri na kuitia kwenye begi.