Mfiwa Aulizwe Nini

Jambo la mwisho la kawaida nyumbani kwetu lilikuwa mke wangu kuniinua kwenye mbuzi ya kukunia nazi. "Ondoka hapo, bwana, wewe unakuna hadi kifuu," alisema, akaketi yeye. Kesho yake aliugua, na wiki haikwisha.

Siku ya arobaini, baada ya kisomo, shangazi zake walikaa sebuleni kwangu, hapa Kilwa, kunijadili. Nilikuwepo. Nililetewa chai yangu mwenyewe, imetiwa sukari nisiyotumia.

"Huyu asikae peke yake," alisema mmoja.

"Yupo mwanamke kule Rutamba, mtulivu, anajua kupika."

"Si mumuulize kwanza mwenyewe?"

"Mfiwa aulizwe nini? Hana kauli."

Nguo za marehemu ziligawiwa, kama ilivyo desturi. Kisha shangazi mkubwa akaibeba ile mbuzi, akamkabidhi bibi jirani. "Mwanamume ataikalia ya nini?" Wote wakacheka, nami nikajikuta naitikia kwa kichwa.

Chuoni tulifundishwa msemo wa Kiingereza wa mtu aliye upande wa kupokea, yaani yule anayeangukiwa na mapigo. Nilidhani unahusu vita. Kumbe unahusu watu wanaokupenda.

Asubuhi iliyofuata nilipiga hodi kwa jirani. "Shikamoo, bibi. Nimeifuata mbuzi."

"Marahaba," alisema, akaniangalia kidogo, akaitoa.

Nikaikalia barazani, watu wakipita wakiniona, nikakuna nazi. Nilikuna hadi kifuu, na hakuna aliyeniinua.