Siku Kompyuta Yangu Iliposhtakiwa

Mwanangu, juzi uliponipigia simu kunieleza kwamba umepewa kazi ya kupekua kumbukumbu za seva hapo hotelini, nilifurahi, kisha nikaingiwa na hofu. Hofu hiyo ina asili yake. Naikumbuka asubuhi moja ya msimu wa wageni, nilipokuwa msichana wa mapokezi katika hoteli moja ya Diani, na kazi yangu ikabaki kuning'inia kwenye tarakimu moja tu.

Wageni walikuwa wamefika na mabegi yao, wakaambiwa hawana vyumba. Nafasi walizoweka zilikuwa zimefutwa kwenye mfumo, na si za mtu mmoja wala wawili. Meneja alitaka jina la mfutaji kabla ya adhuhuri. Kulikuwa na kijana wa kompyuta aliyeletwa kutoka Nairobi, tukimwita Kevo, hodari kwelikweli, nami hata leo simsemi vibaya. Kila kompyuta pale ilikuwa na anwani yake ya mtandao, na kila ilichokifanya kiliandikwa kwenye seva pamoja na anwani hiyo. Yangu ilikuwa 10.20.4.6. Kevo akaiandika kwenye kisanduku cha kutafutia, akabonyeza, na kioo kikajaa mistari ya nafasi zilizofutwa.

"Boss, ni huyu," akasema. "Mashine yake ndiyo imejaa hapa."

Niliitwa chumba cha kompyuta nikasimama mbele yao. Nitakuambia jambo ambalo huwa silisemi: nilianza kujishuku mwenyewe. Nilijiuliza kama nilibonyeza kitu bila kujua, kama nilisinzia, kama nimerogwa. Meneja akasema nikikubali kosa ataniacha niende zangu kimya kimya, bila polisi. Nikamfikiria mama kule Munje, na wanawake wenzake watakavyonong'ona kwenye harusi. Nilifungua mdomo nikubali.

Aliyenizuia ni Bi Rehema, mkuu wa chumba kile, mama wa Msambweni aliyekuwa mkali kama siki. Mimi mwenyewe alikuwa amenikaripia mara nyingi kwa kubeba chai karibu na mashine. Alimwomba Kevo ampishe kiti, akaanza kuisoma ile mistari, jambo ambalo hakuna mwingine aliyelifanya. Kisha akamgeukia meneja.

"Ukimtuma mtu Munje akamwite Hamisi, atakuletea kina Hamisi wote wa mji. Ndiyo maana kwetu mtu huulizwa: Hamisi wa nani, wa mlango upi? Huyu kijana hakuiambia kompyuta anwani inaishia wapi."

Akatuonyesha kwa kalamu. Mistari aliyoisoma ilikuwa ya 10.20.4.63. Kompyuta iliiona ile sita ikaridhika, haikujali tatu iliyofuata. Lakini mistari ilikuwa mingi mno, na huenda yangu ilikuwamo katikati. Basi akaandika ruwaza mpya, yaani lile umbo la herufi na tarakimu ambalo kompyuta hulitafuta, akaiwekea anwani yangu nafasi tupu mbele na nyuma. Akabonyeza. Hakikutoka kitu.

Meneja akashusha pumzi, nami nikasema alhamdulillahi kwa sauti. Bi Rehema hakuridhika. Aliniuliza kama nilikuwa nimefanya kazi asubuhi ile. Nikamjibu kwamba nimewaandikisha wageni tangu alfajiri.

"Basi mbona anwani yako haimo?" akauliza.

Nilimsogelea nikamnong'oneza, shangazi, tafadhali, acha hivyo hivyo. Akanitazama kwa hasira ambayo sijapata kuisahau.

"Nikikutoa kwa utafutaji mbovu, mwanangu, kesho watakurudisha kwa utafutaji huo huo. Nenda mezani kwako, toka kwenye mfumo, uingie tena. Mstari huo lazima tuuone."

Nilikwenda. Wageni walikuwa wamekaa juu ya mabegi yao wakinikodolea macho, na vidole vilinitoka jasho hata nikakosea neno la siri. Niliporudi, Bi Rehema alikuwa ameutafuta mstari ule kwa jina langu la kuingilia, akaupata, na akaliona kosa lake mwenyewe. Seva haikuacha nafasi baada ya anwani. Iliweka nukta mbili, moja juu ya nyingine, na tarakimu nyingine papo hapo. Hakuona haya kusema mbele ya wote kwamba amekosea. Akairekebisha ruwaza: baada ya sita kije chochote isipokuwa tarakimu.

Sasa nikaiona asubuhi yangu yote ikishuka kwenye kioo, mgeni kwa mgeni, mpaka kule kuingia kwangu kwa mwisho. Hakuna nilichokifuta. Ile ya sitini na tatu ilikuwa kompyuta ya akiba ya ukumbi wa mikutano, iliyounganishwa upya ikiwa na taarifa za zamani, ikawa inazilazimisha juu ya zile mpya na kuzifuta. Hapakuwa na mwizi wala adui. Nililia pale pale, na Bi Rehema akaniambia niende nikanawe uso, wageni wananingoja. Siku hiyo hiyo nilimwomba anifundishe kazi yake, na ndiyo iliyonilea mpaka nikastaafu.

Kwa hiyo, mwanangu, unapoitafuta anwani, ifungie mwanzo na mwisho, na zile nukta zake uzitangulizie mkwaju wa kinyume, kile kistari kinacholalia nyuma, kwa sababu nukta tupu kwenye ruwaza hukubali herufi yoyote. Kabla ya kuamini, jaribu kwa kitu unachojua kimo, na kwa kingine unachojua hakimo. Ukurasa mtupu uuogope sawa na ukurasa uliojaa, hata kama utupu wenyewe unakufurahisha. Soma mistari kwa macho yako. Na siku ukishtakiwa wewe, usikiri usilolitenda kwa sababu tu mashine imekutaja.

Mwenyezi Mungu akupe subira mbele ya wakubwa wenye haraka, akulindie jina lako, na asikujaalie hata siku moja kuwa wewe ndiye uliyebonyeza bila kusoma mistari, na mtoto wa mtu akarudi kwao analia.