Mshabiki Aliyekaa Nje ya Ukuta

Habari za kifo chake zilinifikia asubuhi kwa simu ya mwenyekiti wa tawi la mashabiki wa timu yetu, na kama ilivyo kawaida yangu, kabla sijasikitika nilishuku. Wasomaji wangu wa siku nyingi wananijua: mtu akinisalimia kwa uchangamfu uliopitiliza, najiuliza anataka nini. Mwenyekiti alisema mzee wetu wa Mkonze ametutoka, presha imempanda ghafla akiwa nyumbani, na maziko ni kesho. Nikampa pole. Akashukuru, kisha akasema, “Sasa ndugu mwandishi, kuna hili suala la bendera.” Hapo nikaelewa kwamba sauti niliyokuwa naisikia haikuwa ya mfiwa, ilikuwa ya mtu mwenye kesi.

Niwaeleze wasioujua mji wetu. Tawi lile lina desturi moja ambayo mimi, pamoja na ubishi wangu wote, sijawahi kuicheka. Mwanachama akifa, bendera ile kubwa ya timu, inayozungushwa uwanjani siku za mechi, hutandazwa juu ya jeneza lake mpaka kaburini, ndipo inakunjwa na kurudi ofisini. Amefunikwa nayo muuza mkaa, amefunikwa nayo mwalimu mkuu. Ndiyo heshima yao ya mwisho, na ndiyo hati ya kwamba huyu alikuwa wetu. Mzee huyu ndiye aliyekuwa mbebaji wa bendera hiyo kwa muda mrefu, hadi tawi lilipompokonya kwa tuhuma kwamba ni pandikizi. Sasa amekufa kabla tuhuma haijafutwa wala kuthibitishwa, na wanaume wazima walikuwa wamekesha wakibishana kama maiti ni ya kwao au si ya kwao.

Kosa lake la kwanza lilikuwa mahali alipozaliwa. Alizaliwa Kariakoo, Dar es Salaam, pua na mdomo na makao ya timu kubwa za nchi hii, na alikuja Dodoma akiwa dereva wa wizara, serikali ilipohamia huku. Wenzake waliokuja naye walishuka na majokofu, magodoro na timu zao. Yeye alishuka na godoro tu. Alipostaafu wenzake walirudi pwani, yeye akajenga Mkonze, akaoa mwanamke wa Kigogo, na kila mechi ya nyumbani alikuwa jukwaani amevaa jezi ya timu ambayo hata watoto waliozaliwa hapa wanaishabikia kwa huruma. Jambo hilo liliwatia watu wasiwasi kuliko kama angekuwa mwizi. Nilikuwepo siku mwenyekiti alipomuuliza hadharani, “Mzee, hebu tuambie ukweli. Mtu wa Kariakoo, kwa nini ushabikie timu yetu?”

Akajibu, “Kwani mimi nalala wapi?”

“Unalala Mkonze.”

“Basi nashabikia ninapolala.”

Watu walicheka, lakini nilitazama nyuso zao na hapakuwa na aliyeamini. Jibu lilikuwa fupi mno. Sisi watu wa nyanda hizi tumezoea kwamba mgeni anayependa kitu chetu ana lake jambo: akisifu shamba, anataka kiwanja; akisifu binti, anataka mke; akisifu timu yetu, basi ametumwa. Na nikiri, sikio langu nalo lilisimama.

Tuhuma zilikomaa kwa sababu ya siku za wakubwa. Hizi ni siku ambazo moja ya zile timu kubwa inakuja kucheza hapa, na treni ya umeme inashusha mashabiki wao tangu asubuhi, wanaimba kuanzia stesheni. Siku hizo upande wa wageni unajaa hadi watu wanakaa juu ya ukuta. Mechi zetu nyingine, tukicheza na timu ndogo wenzetu, unaweza kulala kwenye jukwaa ukajinyoosha na usimsumbue mtu. Ilionekana kwamba siku za wakubwa, mpira ukishaanza, mzee huyu anakunja bendera, anaondoka jukwaani na haonekani tena hadi kesho yake. Tawi likauliza: anakwenda wapi? Mmoja akasema anakwenda upande wa pili kukaa na ndugu zake wa Dar. Mwingine akasema anakwenda kutoa siri za kikosi, kana kwamba kikosi chetu kina siri. Mwenyekiti akamaliza kwa methali, akiwa ameinua kidole: “Kikulacho ki nguoni mwako.”

Mimi nilishuku kingine. Jukwaa la nyumbani siku hizo nilikuwa naliona vizuri kutoka benchi la waandishi, na lilikuwa tupu. Sasa hawa waliomwona mzee akiondoka, walikuwa wamekaa wapi hata wakamwona? Nilimuuliza mwenyekiti, akaniambia kwamba yeye siku hizo hualikwa jukwaa kuu, na kwamba wanachama hutawanyika kwa sababu za kiusalama. Nikaandika kichwani.

Basi ilipokuja tena siku ya wakubwa nilimfuata mzee. Mpira ulikuwa umeanza muda si mrefu, akasimama, akaikunja ile bendera taratibu kama mtu anayekunja shuka la hospitali, akapita lango dogo. Nikamwacha atangulie, nikatoka. Sikulazimika kwenda mbali. Alikuwa nje ya ukuta wa uwanja, ameketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, ubavuni kwa mama mmoja anayeuza zabibu pale siku zote, bendera iko mapajani, naye ameinamisha kichwa anasikiliza.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Umetumwa au umekuja mwenyewe?”

“Nimekuja mwenyewe. Kwa nini uko nje na tiketi unayo?”

“Mle ndani nimekaa peke yangu na bendera. Upepo unaivuta, hakuna wa kunishikia upande wa pili. Afadhali hapa, nakula zabibu.”

Kabla sijamjibu uwanja ulilipuka. Kelele zilikuwa za kutikisa mabati ya vibanda, vuvuzela, mbinja, watu wanaita majina. Moyo wangu ukaruka, nikasema, “Tumefunga!” Mzee akatikisa kichwa.

“Tumefungwa,” akasema. “Hujawahi kuusikiliza huu uwanja wewe. Siku za wakubwa, ukisikia mji wote unashangilia, ujue tumefungwa.”

“Na tukifunga sisi?”

“Uwanja unanyamaza.”

Yule mama wa zabibu akacheka kwa pua, akaendelea kupanga vishada vyake. Nikakaa pale kwa ukaidi, nikiwa na hakika kwamba mzee ananichezea shere. Kipindi cha pili kilikuwa kimekolea ndipo ghafla, katikati ya nyimbo, palitokea kimya. Kilikuwa kimya cha watu wengi waliofumba midomo kwa pamoja, na ndani yake tulisikia wachezaji wachache wakipiga mayowe ya furaha kule mbali uwanjani. Mzee akainua uso. Macho yake yalikuwa yamelowa, na sikuona haya kwa niaba yake. Akasema kwa sauti ya chini, “Tumesawazisha.” Nilirudi ndani mbio kuangalia ubao, na ilikuwa kweli.

Nililieleza tawi jambo hilo kwenye kikao chao, neno kwa neno. Sikiliza jinsi mashaka yanavyokula ushahidi. Mmoja akauliza, huko nje alikuwa anangoja simu ya nani? Mwingine akasema, anayejua tumefungwa bila kuona, si ndiye aliyepanga tufungwe? Mwenyekiti akanitazama kwa masikitiko, akasema, “Mwandishi naye wamempata.” Wakampokonya bendera siku hiyo hiyo. Mzee hakubishana. Aliikabidhi ikiwa imefuliwa na kupigwa pasi, na mechi iliyofuata alikuja kukaa palepale jukwaani, mikono mitupu juu ya magoti. Kwa kweli iliniuma kumwona hivyo, nami si mtu wa kuumwa kwa urahisi.

Turudi msibani. Nilifika Mkonze nikakuta turubai limefungwa, kwaya inaimba, na ndugu zake wa Dar wamekuja na treni wakitaka kumsafirisha wakamzike kwao. Mjane wake, mwanamke mnyamavu aliyejifunga kanga mbili, aliwajibu kwamba marehemu alisema azikwe anapolala. Ndugu wakakubali. Nje ya uzio, nyuma ya sufuria za wali, kamati ya tawi ilikuwa imesimama kimduara. Mwenyekiti alikuwa na bendera kwenye mfuko wa plastiki, ameubana kwapani, haitoi wala haondoki nayo. Walikubaliana wamuulize mjane kama marehemu aliwahi kukiri lolote. Nilishangaa kwamba mtu anaweza kuuliza swali kama hilo mbele ya sufuria za msiba, lakini wakaenda wakauliza. Mjane akawatazama, akasema, “Bendera ni yenu. Mimi mume wangu ninaye.”

Ndipo aliingia mama wa zabibu. Alikuwa amevaa nguo zake za kanisani, kichwani amejitwisha furushi la kitenge, akasalimia kundi zima kwa Kigogo, “Mbukwenyi,” watu wakaitikia. Akaliweka furushi chini mbele ya mwenyekiti.

“Nimesikia mnabishana kuhusu mzee,” akasema. “Mimi si mtu wa mpira. Mimi nauza zabibu. Lakini nimemleta shahidi.”

“Shahidi gani, mama?” mwenyekiti akauliza.

Akafungua furushi. Zilikuwa jezi za timu yetu, zimefuliwa na kukunjwa vizuri, rundo zima.

“Siku za wakubwa mnatoka ofisini kwenu mmevaa hizi juu, na za wageni mmezivaa ndani. Mkifika getini mnazivua. ‘Mama, nitunzie, nitapitia.’ Nazifunika chini ya zabibu zangu. Wengine wageni wakishinda mnaondoka mnaimba mpaka stesheni, mnanisahau. Basi nimewaletea. Mzee aliyekaa na mimi pale hakuwahi kuniachia jezi hata siku moja. Kila mtu achukue yake, halafu mseme nani pandikizi.”

Hakuna aliyeinama. Watu waliziangalia zile jezi kama mtu anavyoangalia kiatu chake kimekutwa kwa jirani. Iliyokuwa juu kabisa ilikuwa imelala kifudifudi, na mgongoni, badala ya jina la mchezaji, paliandikwa kwa herufi kubwa nyeupe: MWENYEKITI. Nikaikumbuka. Alituambia mbele ya mkutano kwamba iliibwa kwenye kamba ya kuanikia, na tukampa pole.

Nimeufikiria sana mji huu tangu siku ile. Tunasema umekua, na kweli umekua: barabara, maghorofa, wageni kutoka kila kona. Tunapenda kuwalaumu wageni kwamba wamekuja na timu zao na kutumezea uwanja. Lakini furushi lile halikuwa na jezi ya mgeni hata moja. Lilikuwa letu sisi tuliozaliwa hapa, tunaoulizwa tangu utotoni “wewe timu gani?” na tunajua kabisa kwamba swali hilo halihusu timu ya hapa. Timu ya nyumbani tunaivaa juu, watu waione. Simshangai mtu mwenye mapenzi mawili, moyo ni wake. Ninachokishuku ni ule wepesi wa kumnyooshea kidole mtu mwenye jezi moja. Mwenyekiti aliposema kikulacho ki nguoni mwako alikuwa anasema kweli kuliko alivyojua, na nadhani alikuwa anaisikia ikimkwaruza mgongoni.

Je, alitubu? Sijui. Mimi sioni toba, naona watu walioumbuliwa, na ni vigumu kuwatofautisha kwa macho. Nilichoona ni kwamba aliitoa bendera kwenye mfuko, akaitandaza juu ya jeneza kwa mikono yake, akainyoosha pembeni ilipojikunja. Kisha kamati yote ikanyanyua jeneza. Njiani kwenda makaburini nilisubiri waanzishe wimbo wa timu, maana ndiyo desturi, tena wanaume hawa wana mapafu. Hakuna aliyeanzisha. Tulitembea tukisikia viatu vyetu kwenye mchanga na bendera ikipigwa na upepo, na mama wa zabibu alikuwa ameshika pembe moja ili isivutwe.

Kwa hiyo wasomaji wangu, mkitaka kujua mtu ni wa wapi, msihangaike na alikozaliwa wala jezi aliyovaa. Simameni nje ya ukuta msikilize anashangilia nini. Mimi nitakuwa pale siku ya wakubwa ijayo, kwenye ile ndoo, nami nitawasikia. Makaburini siku ile, bendera ilipokunjwa na jeneza kushushwa, umati wote ulikuwa kimya kabisa, kimya kile kile nilichowahi kukisikia mara moja tu. Nikainama, nikamwambia mzee kwa sauti ya chini kwamba tumefunga.